Mashine Zinazomheshimu Baba Mkwe Wangu

Mpuguso, Tukuyu

Kwako Sekela, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Marahaba. Najibu shikamoo ambayo hujanipa, maana nikikaa kuingojea nitazeeka mara ya pili, na mara moja imenitosha. Wewe mtoto umekaa huko Ulaya mpaka migomba uliyoipanda nyuma ya zizi imezaa, tumeikata, tumekula, na machipukizi yake nayo yamezaa. Una miguu miwili na ndege zipo. Unashindwa nini?

Haya, nimeshakugombeza, sasa nikuulize hali. Unakula? Usiniambie mkate. Mkate ni kitu cha kushikia chai, si chakula. Unalala? Ile sweta ya kijani unaivaa, au umeifungia sandukuni unaona haya mbele ya wenzako? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia, na hapa kwetu mvua haijawahi kwenda mbali, kwa hiyo linanisumbua kila siku. Ng'ombe amezaa jike. Upepo umelaza migomba ya upande wa bondeni, tukala ndizi changa mpaka tukachoka kutazamana. Chai tunachuma, vidole vyangu vimekuwa vyeusi kama vya fundi baiskeli. Namshukuru Kyala, Mungu wetu, nipo.

Najua utashangaa kuona nimeandika mwenyewe. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima pale kanisani, nikiwa nimeshazaa, na nilifundishwa kwa Kiswahili, ndiyo maana mpaka leo kalamu yangu haijui Kinyakyusa. Nikimaliza nitampelekea Mama Rehema, yule mwenye duka la vitambaa Tukuyu mjini, azipige picha karatasi hizi kwa simu yake akutumie. Nilimwambia asisome. Akasema, "Bibi, sasa nitapigaje picha nimefumba macho?" Kwa hiyo Mama Rehema, kama umefika hapa, asante, na uendelee tu.

Sasa tuseme lililonikalisha chini.

Ulinitumia ujumbe wa maneno mawili. "Bibi, ungeniambia." Baba yako ndiye aliyenisomea, maana herufi za kisimu ni ndogo kwa macho yangu, tumesimama mlangoni, mimi na ungo mkononi. Nikamwambia asome na mengine. Akasema hakuna mengine. Tangu siku hiyo kisimu changu kinalia kwa watu wa matangazo tu. Nakiweka karibu na mto ninapolala, nakiweka kwenye kikapu ninapokwenda kuchuma chai, na wewe hupigi.

Tulikuwa wazuri sisi. Kila Jumapili baada ya ibada ulikuwa unanipigia. Ulinieleza kwamba kazini kwenu wanatengeneza ukuta wa wageni, kila mfanyakazi anasoma majina ya mashine zenu kwa lugha ya kwao, mgeni akibonyeza kitufe anasikia. Wewe ukapewa Kinyakyusa, maana hakuna mwingine. Ukaniambia, "Bibi, Kinyakyusa changu ni cha kuombea chakula na cha kugombezwa. Nisaidie." Nikakaa vizuri kwenye kigoda. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu cha shule.

Ulianza na lile bomba la duara mlilolizika chini ya ardhi, refu kiasi kwamba lingeizunguka Mpuguso yote na majirani zake. Ndani yake mnakimbiza protoni, vitu ambavyo mbele yake hata chembe ya unga ni mlima. Kundi moja linakwenda huku, jingine linakuja huku, mnayaita mwale, kisha mnayakutanisha yagongane.

Nikakuuliza, "Zimekosana nini?"

"Hazijakosana, bibi. Tunazigonganisha tuone kinachotoka."

"Kama mtoto anayevunja redio."

"Kama mtoto anayevunja redio, lakini anaandika kila kipande kimeangukia wapi."

Nikakwambia huo ndio usomi basi, maana redio ya babu yako uliivunja na hukuandika kitu. Ulicheka sana.

Siku nyingine ukaja na kitambuzi, ile mashine kubwa kama kanisa letu, yenye macho kila upande, inayokaa pale protoni zinapogongana. Ukasema ikishaona tukio moja inakuwa na shughuli ya kulipokea, na kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho haiwezi kuona jingine. Wataalamu mnauita muda mfu. Nikakataa. Mtu akiwa na tonge mdomoni hajafa, ila usimuulize kitu. Tukauita muda wa tonge. Mwale ukianza kuyumba, mnaumwaga wote kwenye gogo la kaboni, bomba lisije likaharibika. Hapo nikakwambia gogo lenu ni kama jivu tunalolimwaga juu ya mafuta yakishika moto. Zile kanda zinazohifadhi kumbukumbu, zinazochomolewa na mkono wa chuma, tukaziita dari la jikoni, pale juu ya moshi tunapoweka mahindi ya mbegu, hayaliwi leo lakini yapo. Na ile gridi, kompyuta za nchi nyingi zinazogawana kazi, wewe unatuma kazi yako jioni inapanga foleni na hujui itafanywa na kompyuta ya nani, nikakwambia hiyo hata jina huhitaji kutafuta. Ni kulima kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu, na jembe huliulizi mwenyewe.

Halafu ukaja na kichujio. Hicho ndicho kazi yako hasa. Ukasema migongano ni mingi kuliko matone ya masika ya Tukuyu, hakuna dari la kuyaweka yote, kwa hiyo kichujio kinaamua palepale, hili libaki, lile litupwe, na lililotupwa halirudi tena.

"Na kama mlichotupa ndicho kilikuwa chenyewe?"

Ukasema, "Ndiyo kazi yangu hiyo, bibi. Nalipwa kuogopa hilo."

Nikakuonea huruma, mtoto mdogo kupewa woga mkubwa namna hiyo. Nikakupa neno la kuchuja, kama nilivyokupa la mwale na la kugongana, kutoka mdomoni mwangu moja kwa moja. Ukayasoma, wakakurekodi. Ukafurahi ukawatumia na wenzako wa shule kipande cha kusikiliza.

Kipande hicho kina miguu kuliko wewe. Kilifika Mpuguso.

Mimi nilikisikia pale lori linaponunulia maparachichi. Wanawake wamezunguka simu ya yule dada aliyetoka Matwebe akaolewa hapa kwetu, yule ambaye mdomo wake hauna mlango. Nikasikia sauti yako. Moyo wangu ukaruka, nikadhani umepiga, umekosa namba. Nikasogea na kikapu changu nyuma yao.

Yule wa Matwebe akasema, "Sikilizeni. Sauti ni ya msichana, lakini maneno ni ya mke wa mtu."

Mwingine akauliza, "Mke wa nani?"

"Si unasikia anavyokwepa? Anakwepa jina la mzee wa hapa hapa. Huyu mjukuu wa Subilaga ameolewa kwao."

Walicheka mpaka maparachichi yakabingirika chini ya lori. Nikawasalimu. Wakatulia kama vifaranga mwewe akipita.

Sekela, najua ulicheka nao mwanzoni kwa kuwa hukuelewa, kisha mtu akakueleza, kisha ukalia. Lakini najua pia umeelezwa nusu, na walioeleza walikuwa wanacheka. Mama yako hakukufundisha, na simlaumu. Yeye alipokuja kuolewa alikuja na Kiswahili chake cha mjini, akamwambia babu yako "Shikamoo baba" huku anamtazama machoni, na paa la nyumba halikuanguka. Babu yako alipenda. Kwa hiyo mambo haya yaliishia kwangu. Nikueleze mimi.

Nilipoolewa, mama mkwe wangu alinikalisha jikoni akanipa amri mbili. Macho yangu yasikutane na ya baba mkwe. Na jina lake lisitoke kinywani mwangu, wala neno lolote linaloanza kama jina lake linavyoanza. Jina lenyewe sitaliandika hapa, hata kalamu ina adabu. Lakini maneno yetu ya mwale wa mwanga, ya kuchuja na ya kugongana yanaanza vivyo hivyo, na mengine mengi. Yote yakafa mdomoni mwangu siku moja. Mama mkwe akanipa mengine badala yake. Ni lugha ya sisi tuliokuja kuolewa, ingamwana tunaiita, na kila boma lina yake, kulingana na jina la mzee wa boma. Ambalo hakunipa nililitunga mwenyewe. Kuchuja nikakuita kama mtu anayesema kubakiza. Kugongana nikakuita kusalimiana kwa vichwa. Mwanamke wa hapa akisikia tu maneno hayo anajua umeolewa kwa nani.

Na wewe hujaolewa pale. Wewe umezaliwa pale. Mzee huyo ni babu wa baba yako, jina lake ungeweza kulipigia kelele barabarani na hakuna ambaye angegeuka. Wewe mwenye ruhusa ukakwepa kama mimi. Hicho ndicho walichokichekea.

Usije ukadhani nilimkwepa mzee yule kwa kumwogopa. Kisa cha mfereji nilikusimulia ukiwa mdogo bila kukuambia kwa nini niliruka. Bado nikiwa mwali, nilikuwa natoka mtoni na chungu cha maji kichwani, na kwenye kona naye anatokea na ng'ombe zake. Pa kujificha hapakuwepo. Nikaruka mferejini na chungu changu. Chungu kikavunjika, nikalowa, nikajikunyata kama kuku. Mzee akapita anatazama mawingu. Kuongea nami hawezi, kwa hiyo akamwambia ng'ombe wake wa mbele, "Ewe, leo mfereji una mtu mwenye adabu. Mwambie asilie, chungu kingine kipo." Jioni nikakikuta chungu kipya mlangoni kwangu. Hatukuwahi kusema neno mimi na yeye mpaka alipokufa, na sijui mtu aliyenisemesha vizuri kama yule.

Kwa hiyo ukiniambia "ungeniambia", nakuuliza, ningekuambia nini? Uliuliza mwale unaitwaje, nikakujibu unavyoitwa. Sikukupa neno la kujificha nikaficha la kweli. Hayo ndiyo maneno niliyoongea na mume wangu, niliyomwimbia baba yako alipokuwa mchanga, niliyokuitia wewe ule. Nikitaka yale mengine lazima nirudi mpaka kwa mama yangu, nilipokuwa msichana, na nikishayafikia ulimi unasimama mlangoni, hauvuki. Mzee amekufa, mume wangu amekufa, hakuna wa kunigombeza. Ulimi hauvuki.

Na kuhusu kuolewa kwenu, jibu lake hukulikumbuka? Babu yako alikuita nani tangu uko mgongoni? Akirudi shambani haulizi kama mimi nimekula, anauliza, "Mke wangu mdogo amekula?" Na wewe ulikuwa unanisukuma kitandani kwangu, "Toka bibi, huyu ni mume wangu." Mkilala mnanigeuzia migongo wote wawili. Sasa mke mwenzangu akisema maneno ya boma letu, kosa liko wapi? Nilimwambia hivyo hivyo yule wa Matwebe pale kwenye lori, mbele ya wote. Nikamwambia, "Ndiyo, ameolewa. Ni mke mdogo wa mume wangu. Wivu wako unatoka wapi?"

Akasema, "Bibi Subilaga, jamani, nilikuwa natania."

"Najua. Ndiyo maana nakujibu. Ningekasirika ningekunyamazia."

Nilipofika nyumbani ndipo neno langu mwenyewe lilinirudi. Maana wewe umeninyamazia.

Kuna neno moja la kazini kwenu ambalo tulilifanya haraka, siku ile mtandao ulikuwa unakatika. Ulisema kwamba kupata kitu kigeni si kazi ngumu sana, kazi ngumu ni kuvijua vile vya kawaida vinavyofanana nacho, vinavyojaa kila mahali vikakudanganya. Sikulielewa. Sasa nalielewa kuliko ninyi wenye mashine. Gari la Mbeya likisimama pale njia panda, anashuka msichana ana mabega yako. Anatembea kama wewe. Nasimama katikati ya chai na kiganja juu ya macho mpaka anapokaribia, na ni mtoto wa mtu. Wanashuka kila siku, Sekela. Nimewajua wote, na hakuna ambaye ni wewe.

Baba yako, ambaye bado unamwandikia, ananiambia kazini kwako hawakukukasirikia. Mkubwa wako aliposikia habari ya mfereji na chungu, maana ulimsimulia kile ulichokumbuka, alisema ni habari nzuri kuliko mashine zote. Wamekuomba urekodi upya. Wewe ndiye uliyekataa. Umewaambia Kinyakyusa kitolewe. Nao wametoa sauti tu, kitufe bado kipo ukutani na jina la lugha yetu, mgeni akibonyeza anasikia kimya. Mtu anatoka nchi za mbali, anabonyeza, anaondoka akidhani Wanyakyusa hawana la kusema. Sisi.

Maneno ya kawaida yapo. Wifi yangu wa Suma, dada wa babu yako, anayo yote. Mzee yule ni baba yake mzazi, kwa hiyo yeye hakwepi kitu, anatamka jina la baba yake kama anaita kuku. Meno yamemwisha, lakini maneno anayo kamili. Baba yako alitaka ampigie, ayaseme kwenye simu, akutumie, mambo yaishe.

Nikakataa.

Nakuambia wazi ili usije ukasikia kwa mwingine. Ungeyapata wiki hii, na mimi ndiye niliyezuia. Kwa kuwa nimeshaona mwenendo wa mambo haya. Jumapili zile ulikuwa unanipigia kwa ajili ya maneno, na sikujali, mtoto akija kuomba chumvi si amekuja? Lakini maneno yangeisha, na hata bila kicheko cha yule wa Matwebe simu zingepungua, kwanza wiki mbili, kisha mwezi, kisha sikukuu. Sina ugomvi na kazi yako. Una mashine ya kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe, na najua huna nafasi ya kubakiza vyote. Mimi nasema tu kwamba sitaki kuwa kitu kilichopita haraka. Haya maneno hayatapita kwenye waya. Yafuate kwa miguu yako.

Na ukiamua kuwa bado una hasira, njoo na hasira zako. Nitakupikia mbalaga, zile ndizi zetu za maziwa, utanikasirikia ukiwa umeshiba.

Baba yako anakusalimu, anajifanya hana habari na mambo haya lakini kila jioni anauliza kama umenipigia. Mama yako anakusalimu, anasema ukapimwe damu, sijui kwa nini, yeye kila mtu anamwambia akapimwe damu. Wifi yangu wa Suma anakusalimu, na anauliza huko Ulaya kama mna ugoro. Mama Rehema sina haja ya kukupa salamu zake, ameshika karatasi hii, atajisemea. Nisalimie yule dada wa Kihindi mnayekesha naye zamu, mwambie ndaga fijo, asante sana, kwa ile siku alipokupikia ulipoumwa. Nisalimie na mkubwa wako. Mwambie namwomba akupe ruhusa, na akikataa nitamwandikia na yeye, Mama Rehema atatafuta mtu wa kutafsiri.

Ni mimi bibi yako, mke mkubwa,

Subilaga

Nafasi imebaki kidogo hapa chini. Ukija, usije moja kwa moja kwangu. Shuka kwanza Suma umchukue wifi, yeye hawezi kupanda bodaboda peke yake na ataona fahari kufuatwa na mtu wa Ulaya. Mkifika kaeni barazani, yeye aseme maneno yote, wewe uyarekodi. Mimi nitakuwa jikoni naimba tenzi za kanisani kwa sauti yangu yote nisije nikayasikia. Mkimaliza msiniite, sitasikia. Njoo wewe mwenyewe jikoni, uniguse bega.